Usinijibu, Nisikilize Tu

Klabu yetu ina sheria moja iliyoandikwa, nayo ni kwamba aliyemaliza gemu asimsimulie ambaye hajalimaliza. Mengine yote ni mazoea. Tunachagua gemu moja, kila mtu analicheza kwake kwa wakati wake, kisha Jumamosi usiku, watoto wakishalala na umeme ukiwa haujakatika, tunakutana kwa sauti mtandaoni kulizungumza, kama wengine wanavyokutana kuzungumzia kitabu walichosoma. Hatuzidi watu kumi. Dada mmoja ni muuguzi Mombasa, kaka mmoja anauza vipuri vya magari Muscat, mwingine ni wakala wa forodha Tunduma, wapo vijana wawili wa chuo Dodoma wanaoishi chumba kimoja na kutumia kompyuta moja, na mimi natengeneza simu Kariakoo. Wengi wetu hatujawahi kuonana. Najua namna yule muuguzi anavyohema anapokaribia kugundua jambo, ila nikipishana naye kivukoni Likoni sitamtambua.

Mwanzoni sheria ile niliiona ya kudekezana. Mimi nimekulia kwenye vibanda umiza, pale ambapo mkanda mmoja ulionyeshwa mpaka picha ikaanza kukwaruza, na hakuna aliyeingia bila kujua kitakachotokea. Watafsiri kama Lufufu walizungumza juu ya filamu, wakieleza, wakitania na kuongeza ya kwao, na juu ya sauti zao zilipanda sauti za watoto waliokwisha kuiona juzi: mwangalie huyo nyuma ya mlango, sasa hivi anakula teke. Hakuna aliyekasirika. Steringi hafi, hilo lilijulikana hata kabla ya kulipa kiingilio, na kulijua hakukutupunguzia chochote. Kwa hiyo nilipoambiwa nifunge mdomo juu ya mwisho wa gemu, nilijiuliza ni hadithi gani hiyo, dhaifu kiasi cha kufa kwa kusimuliwa. Swali hilo bado ninalo. Limebadilika sura mara kadhaa tangu wakati ule, lakini sijalitua.

Gemu lililonifanya nianze kulitazama swali hilo upya linaitwa Outer Wilds. Lilitoka mwaka 2019, likiwa limetengenezwa na Mobius Digital, studio ya California iliyoanzishwa na Masi Oka, yule mwigizaji ambaye waliofuatilia tamthilia ya Heroes watamkumbuka kwa kukaza uso na kusimamisha wakati. Lilianza kama kazi ya shahada ya uzamili ya Alex Beachum katika Chuo Kikuu cha Southern California, na dada yake, Kelsey, ndiye aliyeliandikia maneno. Mwaka 2020 lilipewa tuzo ya BAFTA ya gemu bora. Nayataja haya kwa sababu ni mambo ambayo mtu anaweza kuyajua bila kuibiwa kitu. Nitaongeza yanayotokea katika nusu saa ya kwanza, pamoja na machache ambayo kila mchezaji atayakuta popote atakapotua, basi.

Unaamka usiku kando ya moto, kwenye kijisayari chenye misitu, miongoni mwa viumbe wenye macho manne wanaojenga vyombo vya angani kwa mbao. Leo ni zamu yako ya kuruka kwa mara ya kwanza. Unachukua namba za kuwashia chombo kutoka kwa mkuu wa kituo cha kutazamia nyota, unapaa, na kuanzia hapo unakwenda unakotaka, maana hakuna anayekutuma mahali. Una kifaa cha kusikilizia kwa mbali. Ukikielekeza kwenye sayari hii unasikia mtu anapiga banjo, ukikielekeza kwenye ile unasikia ngoma, kwingine filimbi, na hao ni wenzako waliotangulia kusafiri, kila mmoja amekaa peke yake kando ya moto wake akipiga kipande chake cha wimbo uleule. Baada ya dakika 22 jua linalipuka na kuteketeza kila kitu, wewe ukiwemo. Kisha unaamka kando ya moto wa kwanza. Steringi anakufa, tena kila baada ya dakika 22, na kijijini hakuna anayekumbuka.

Humo hakuna bunduki, hakuna fedha za kukusanya, wala nguvu zinazoongezeka kadiri unavyocheza. Unachotoka nacho katika kifo kimoja na kuingia nacho katika kingine ni kile ulichokijua tu, ambacho daftari la chombo chako linakutunzia. Milango mingi ya gemu hili haikufungwa kwa ufunguo. Imefungwa na kutojua kwako. Anayejua yote anaweza kulimaliza ndani ya mzunguko mmoja, kabla wali haujaiva. Asiyejua atazunguka wiki kwa wiki mbele ya kitu kilichokuwa wazi tangu siku ya kwanza.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba katika baadhi ya mambo kusimulia ni kuchukua. Ukinisimulia mwisho wa sinema ya ngumi, ngumi zenyewe bado zipo, nitazitazama na nitapiga makofi. Ukiniambia kile ninachotakiwa kukijua katika Outer Wilds, umeshalicheza kwa niaba yangu, na kilichobaki kwangu ni kuendesha chombo mpaka mahali ulipokwisha kufika wewe.

Nililimaliza kabla ya wenzangu kwa bahati isiyo na sifa. Ilikuwa masika, nami naishi Magomeni, na mvua ikikolea Jangwani hujaa maji na njia ya kwenda mjini kufungwa. Duka halikufunguliwa, umeme kwa maajabu ya Mungu haukukatika, nami nikacheza mchana na usiku. Jumamosi zilizofuata nilikaa kwenye mazungumzo nikiwa na majibu mdomoni.

Kukaa na jibu ambalo mwenzako analitafuta kuna uzito ambao sikuutarajia. Mtu anaeleza dhana yake, imepinda, na wewe unaijua ilipopindia. Koo linawasha. Unajiambia unataka kumsaidia, na pengine ni kweli. Lakini chini ya nia hiyo njema nilianza, taratibu sana, kusikia kitu kingine kidogo chenye aibu, kinachotaka wajue kwamba mimi nimeshafika. Nilipokatazwa kukisema kwa maneno, kilitafuta njia nyingine. Nilicheka kidogo mtu alipokaribia. Niliguna. Nilinyamaza kwa namna fulani iliyokuwa na maana. Kijana mmoja wa Dodoma akasema, kwa utani ambao haukuwa utani mtupu, "Kaka, kicheko chako kinavujisha mtihani."

Yule muuguzi alikuwa na utaratibu wake. Alicheza mzunguko mmoja kila akitoka zamu ya usiku, akishaoga na kabla ya kufunga mapazia. Dakika 22 zinamtosha mtu aliyechoka, alisema, halafu jua lenyewe linamwambia kalale. Hakuwa na haraka nalo. Wakati sisi wengine tulikuwa tunakimbizana na lile jua tukilaani kwamba limetukatiza, yeye alikuwa akilisubiri, mara nyingine akiwa ameegesha tu chombo mahali na kulitazama likivimba. Jumamosi moja akaingia kwenye mazungumzo akiwa na fundo. Kabla sijasalimia akasema, "Kaka, leo usinijibu. Nisikilize tu."

Akaeleza alikokwenda. Akaeleza alichokiona na alichodhani kitatokea, na kilichotokea badala yake. Akarudi nyuma akaeleza tena, safari hii akianza na mwisho. Nilikuwa nimeziba kipaza sauti changu, kwa kutojiamini. Katikati ya sentensi akanyamaza, nikasikia ile pumzi, akasema, "Ngojeni kwanza," na akatoka. Hakurudi usiku ule. Wiki iliyofuata alinishukuru mbele ya wote kwa kumsaidia, nami sikujua shukrani ile niiweke wapi, kwa sababu nilichokuwa nimefanya ni kuwepo na kutosema. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipomsikiliza mtu namna hiyo, nikiwa sitayarishi jibu langu huku yeye akiongea, na kumbukumbu haikuja haraka.

Kaka wa Muscat ndiye aliyetupatia utaratibu tunaoufuata mpaka sasa. Bibi yake alikulia Unguja kabla ya familia kuhamia Oman, na nyumbani kwao vitendawili viliendelea kutegwa kwa Kiswahili hata watoto walipokuwa wakisoma shule kwa Kiarabu. Usiku mmoja mtu alipoomba adokezwe, yeye akamjibu kama bibi yake: "Umeshindwa? Nipe mji." Tukacheka, kisha tukaona kwamba ni jambo la kufanya kweli. Kwetu sisi mji umekuwa ni masimulizi ya safari yako. Kabla ya kudokezwa unaeleza umefika wapi, umeona nini, unadhani nini, na ni wapi hasa unapokwama. Anayejua anapewa mji huo, anaupokea, anautembelea kidogo kwa maswali, na akiona haja anatoa neno moja.

Nilipokuwa mtoto nilitoa miji mingi ambayo sikuwahi kuikanyaga. Nilitoa Tanga, nikatoa Kigoma, na mtegaji akaenda huko akala, akanywa, akashiba, akapokewa vizuri na wenyeji, ndipo akanipa jibu. Niliona ni mapambo ya kunichelewesha. Sasa nashuku kwamba ule ucheleweshaji ulikuwa na kazi, kwamba yule anayengoja mtegaji ashibe anapata nafasi ya mwisho ya kufikiri, na kwamba jibu lililolipiwa hukaa mahali tofauti kichwani. Inawezekana pia kwamba wazee walikuwa wanatania tu, na mimi natafuta hekima mahali palipokuwa na mchezo. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba kwenye klabu yetu, mara nyingi mtu akimaliza kutoa mji hahitaji tena neno. Anajisikia mwenyewe akisema kitu ambacho hakuwa amekisema kichwani, na kimya cha wengine kinamwachia nafasi ya kukisikia.

Mazoea haya yalinifuata dukani bila kualikwa. Nina kijana ninayemfundisha ufundi. Kwa muda mrefu nilimfundisha kama nilivyofundishwa: anashika mita, anapapasa bodi, anasitasita, nami nampokonya, nagusa pale, namwonyesha, na simu inawaka. Alikuwa akitikisa kichwa kwa heshima na kesho yake anasitasita palepale. Nilidhani ni mzito. Baada ya zile Jumamosi nilianza kumwambia anipe mji. Aeleze moto wa betri unaingia wapi, unapotelea wapi, anadhani ni sistemu chaji au ni kitu kingine, na kwa nini. Mara ya kwanza alinitazama kama mtu aliyeibiwa mshahara.

Nisijipake rangi. Simu ya mteja si gemu. Mama amesimama kaunta, simu ndiyo biashara yake ya kutoa na kuweka pesa, kila dakika anayongoja ni mteja wake anayekwenda kibanda cha jirani, na hapo kumwacha kijana avumbue mambo ni kumfundisha kwa gharama ya mtu mwingine. Siku hizo napokonya kama zamani, nagusa pale, simu inawaka. Sijapata kipimo cha kunieleza lini ninyamaze na lini nichukue bisibisi. Nakisia kila mara, na mara nyingine natambua jioni kwamba nilikisia vibaya, kwamba mteja angeweza kungoja na mimi ndiye niliyeshindwa.

Na yupo yule wakala wa Tunduma, ambaye habari yake inanizuia kusema kwamba nimejifunza kitu. Alikuwa mcheshi kuliko wote. Kazi yake ni nyaraka za malori yanayovuka kwenda Zambia na Kongo, foleni hazina usiku wala mchana, na alicheza pale alipopata mwanya. Alikwama mapema. Alitoa mji, tukamdokeza. Akatoa tena, tukamdokeza kidogo zaidi, tukiwa waangalifu tusiharibu uhondo, tukijiona watu wenye adabu kubwa. Halafu akaanza kukosa Jumamosi, na mwisho akajitoa kwenye grupu kimyakimya. Nilimpigia. Akanijibu kwa ustaarabu kwamba kazi zimebana. Ndipo, tukiwa tumeshaagana na nadhani akidhani nimekata, akasema, "Kukwama kazini kunanitosha, kaka. Sikuja kwenye gemu kukwama tena."

Sentensi hiyo nimeigeuza kila upande. Ilikuwa heshima kumwachia ugunduzi wake, au ilikuwa ukaidi wetu tuliouvika nguo ya heshima? Neno moja la wazi kutoka kwangu, lile nililokuwa nalo mdomoni wiki zote zile, lingemvusha, angeona yaliyoko ng'ambo, pengine angefika mwisho nasi. Lingemwibia mlango mmoja na kumwachia nyumba nzima. Muuguzi anaona tulifanya sawa, kwamba gemu hili halikumfaa mtu mwenye maisha yale na hakuna aibu katika hilo. Lakini muuguzi naye ana maisha magumu, na lilimfaa. Mimi nadhani watu wawili waliochoka wanaweza kuhitaji vitu viwili vinavyopingana, na sisi tulikuwa na sheria moja.

Tulipocheza Journey niliona njia nyingine ya kusaidia, ambayo bado sijui jinsi ya kuihamishia kwenye maisha ya watu wanaosema. Ni gemu la thatgamecompany la mwaka 2012, lililoongozwa na Jenova Chen. Unavuka jangwa kuelekea mlima, na njiani, ukiwa umeunganishwa na intaneti, unaweza kukutana na mchezaji mwingine usiyemjua. Hamna majina, hamna maandishi, hamna sauti zenu wenyewe. Kila mmoja anaweza tu kutoa mlio, mfupi au mrefu, na mkigusana skafu zenu hujaa tena nguvu ya kurukia. Majina ya uliosafiri nao unaonyeshwa ukishamaliza. Wale waliopata alama zote zilizofichwa huweza kuvaa joho jeupe, kwa hiyo ukimwona mwenye joho jeupe unajua huyu amepita hapa na kila kona anaijua.

Nilikutana na mmoja wa hao. Hakuweza kunieleza lolote hata kama angetaka. Alitangulia kidogo, akasimama, akalia. Nikichelewa kwenye magofu kutazama vitu visivyo na faida, alingoja. Nilipokwenda njia isiyofika popote hakunizuia, alinifuata, tukasimama wote wawili mwisho wa njia hiyo, kisha tukarudi. Nilijiuliza baadaye kama angekuwa na ulimi angefanya hivyo. Mimi nisingefanya. Mimi mwenye ulimi ningesema, huko hakuna kitu.

Wale vijana wa Dodoma wenye kompyuta moja walicheza magemu yote hayo kwa zamu, mmoja ameshika padi na mwingine ameketi nyuma. Tulikuwa tukimhurumia wa nyuma, mpaka tulipoanza kutambua kwamba mara nyingi yeye ndiye aliyeona. Mwenye padi anashughulika asianguke. Wa nyuma ana macho mawili yaliyo huru. Wakati wa Outer Wilds walianza kutuonyesha kioo chao moja kwa moja, bando likiruhusu, nasi tukakaa kutazama wakipotea.

Na hapa lazima niseme jambo linalonivuruga. Gemu lile haliwezi kuchezwa mara mbili. Unaweza kuliwasha tena, ndiyo, jua litalipuka tena, muziki wa Andrew Prahlow utaanza palepale unapoanza, lakini wewe unajua. Mchezaji aliyelimaliza anabaki na njia moja tu ya kulionja upya, nayo ni kumtazama mtu ambaye hajui. Ndiyo maana wapenzi wa gemu hili hukaa saa nyingi wakiwatazama wageni wakilicheza. Nilipokuwa nanyamaza kwa ajili ya vijana wale, nikijisifu moyoni kwa uvumilivu, nilikuwa pia nautunza ule ujinga wao kwa sababu mimi nauhitaji. Nilikuwa nataka niione tena ile sura ya mtu anapofungukiwa. Uso wangu mwenyewe sikuuona siku ile, nilikuwa nimekaa peke yangu Magomeni na mvua inanyesha. Je, ukimya wa namna hiyo ni zawadi au ni ulafi? Labda ni vyote viwili, na labda si mbaya kuwa vyote viwili. Sijui. Nikimtazama kijana wangu dukani akihangaika na bodi, najikuta najiuliza kama namngoja kwa ajili yake au kwa ajili ya ile furaha yangu ya kumwona akipata.

Ndani ya gemu lenyewe lipo jambo ambalo hatukuliona mapema, labda kwa sababu lilikuwa karibu mno. Kila sayari unayokwenda kuna maandishi ya watu wa kale, Wanomai, walioishi humo zamani sana na hawapo tena. Maandishi yao hayaendi kwa mistari. Mtu mmoja alianza kuandika ukutani kwa mviringo unaojikunja, mwenzake akajibu kwa kuchipusha mviringo mwingine ubavuni mwa ule wa kwanza, wa tatu akachipusha kwa wa pili, hadi ukuta mzima ukawa kama mmea unaotambaa. Unayasoma kwa kifaa chako tawi baada ya tawi, na unagundua kwamba yanayokupa elimu yote uliyonayo ni mazungumzo. Wanabishana. Wanataniana. Mmoja anapendekeza, mwingine anasema umekosea hapa, wa kwanza anakubali na kushukuru. Watoto wao nao wameandika. Walikuwa wakihangaika na jambo wasilolielewa, na hawakufuta ukutani makosa yao walipopata usahihi. Gemu halina Kiswahili, kwa hiyo Jumamosi tulikuwa tukisomeana kwa tafsiri ya papo kwa papo, kila mtu akiwapa sauti yake, na Mnomai wa kaka wa Muscat alikuwa anaongea kama mzee wa Kiembe Samaki.

Baadaye tulicheza Tales of Kenzera: ZAU, la mwaka 2024, ambalo unaweza kulicheza likizungumza Kiswahili, na Jumamosi ya kwanza hatukuzungumzia kitu kingine. Aliyeliongoza, Abubakar Salim, ni mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, na alilitunga kutokana na msiba wa baba yake. Kijana mganga anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe baba aliyefariki. Mmoja wa vijana wa Dodoma alikuwa amefiwa na baba mwaka uliotangulia. Alisema alijua mwisho wake tangu dakika ya kwanza, kwamba hakuna aliyefiwa asiyejua gemu kama hilo linaelekea wapi, na kwamba kujua hakukumpunguzia kitu. Alilia hata hivyo, mahali ambapo hakutarajia, kwenye mazungumzo madogo ya katikati. Mwenzake aliyekuwa nyuma ya kiti alizima kipaza sauti, nasi tukangoja.

Kwa hiyo lile swali la vibanda umiza linanirudia likiwa na sura nyingine. Zipo hadithi zinazokufa kwa kusimuliwa, na hilo halizifanyi dhaifu. Zipo ambazo ukisimuliwa usiku na mchana bado hujasimuliwa kitu mpaka ufike mwenyewe. Kabla ya kufungua mdomo mtu angepaswa kujua anayo ya aina gani, na mimi mara nyingi najua nikishasema.

Klabu inaanza gemu jipya. Wamechagua Return of the Obra Dinn, la Lucas Pope, la mwaka 2018: meli ya biashara iliyopotea mwaka 1803 imerudi mwaka 1807 bila mtu aliye hai, waliokuwemo ni 60, na kazi yako ni kutambua kila mmoja ni nani na alipatwa na nini. Gemu lenyewe nalo ni gumu kwa majibu. Linakuthibitishia pale tu unapokuwa umepatia watu watatu kwa pamoja. Nimempigia yule wa Tunduma kumwambia kwamba safari hii anayetaka kuambiwa ataambiwa. Amesema ataangalia foleni ikoje. Mimi sijalicheza, na kaka wa Muscat alilimaliza zamani. Nimemwomba asinionee huruma.